Jibuti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nchi, watu na uchumi wake

Tarehe 15 Februari 2025 mjini Addis Ababa, Mahmoud Ali Youssouf wa Jibuti alimshinda Raila Odinga wa Kenya katika uchaguzi wa mwenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Kura zilirudiwa hadi raundi ya saba. Tangu siku hiyo watu wengi huku kwetu wamekuwa wakiuliza Jibuti ni nchi gani, wengine wakiuliza kwa udadisi, wengine kwa hasira kidogo. Maswali yanayojirudia tumeyakusanya hapa.

Jibuti iko wapi hasa?

Iko Pembe ya Afrika, pale Bahari ya Shamu inapokutana na Ghuba ya Aden. Kaskazini imepakana na Eritrea, magharibi na kusini Ethiopia, na kusini mashariki Somalia, upande wa Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia. Ng'ambo ya maji ni Yemeni. Mlango wa bahari unaozitenganisha nchi hizo mbili, Bab el-Mandeb, una upana wa takriban kilomita 30 tu pale unapobana zaidi. Meli inayotoka India au China kwenda Ulaya kwa njia ya mfereji wa Suez haina pa kupita ila hapo.

Ramani hiyo ndiyo utajiri wa nchi. Jibuti haina mafuta, haina dhahabu ya kutajika, haina mashamba. Inacho kiwanja mahali ambapo kila mtu anapahitaji, na imejifunza kukikodisha.

Ni ndogo kiasi gani?

Kilomita za mraba 23,200. Rwanda, ambayo tumezoea kuiita nchi ndogo, ina 26,338. Ila Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13, na Jibuti ina zaidi kidogo ya milioni moja. Karibu robo tatu yao wanaishi katika mji mkuu, ambao nao unaitwa Jibuti. Waliobaki wametawanyika katika mikoa mitano: Arta, Ali Sabieh, Dikhil, Tadjourah na Obock. Ukitoka mjini kwa gari, ndani ya nusu saa unaweza kwenda kilomita nyingi bila kuona mtu zaidi ya mchunga mbuzi na dereva wa lori.

Ni kweli nchi yote ni jangwa?

Karibu yote, lakini usifikirie matuta ya mchanga. Ni mawe meusi ya volkano, mabonde makavu na chumvi. Chanzo kiko chini ya ardhi. Hapa ndipo mabamba matatu ya gamba la dunia, la Nubia, la Somalia na la Uarabuni, yanapoachana, na lile Bonde la Ufa tunalolijua kule Naivasha na Natron hapa linafika baharini. Novemba 1978 volkano ya Ardoukoba ililipuka kwa takriban wiki moja, na wataalamu walipopima wakakuta kingo za bonde zimeachana kwa zaidi ya mita moja.

Karibu na hapo liko Ziwa Assal, mita 155 chini ya usawa wa bahari, mahali pa chini kabisa katika bara la Afrika. Maji yake yana chumvi karibu mara kumi ya maji ya bahari. Hayaletwi na mto. Yanapenya chini ya miamba kutoka Ghoubbet, ghuba iliyo jirani, kisha jua linayakausha na chumvi inabaki. Ufukweni unakanyaga ukoko mweupe mgumu, na pembeni ya maji kuna chumvi iliyoviringika yenyewe ikawa kama golori, ambayo wachuuzi huwauzia wageni. Kwa karne nyingi Waafari walikata chumvi hapa, wakaipakia ngamia, wakaipeleka nyanda za juu za Ethiopia na kurudi na nafaka.

Ziwa Abbe, mpakani na Ethiopia, ni kioja kingine. Nguzo za chokaa zimesimama uwandani, nyingine zikifikia urefu wa mita 50 hivi, na baadhi zinatoa mvuke. Mto Awash, unaoanzia karibu na Addis Ababa, unaishia kwenye bonde hili bila kuiona bahari.

Kijani kipo pia, ila kidogo. Kwenye milima ya Goda, juu ya Tadjourah, kuna msitu wa Day, ambamo anaishi kwale wa aina ambayo haipatikani popote pengine duniani. Msitu unakauka mwaka hadi mwaka na kwale huyo yuko hatarini kutoweka. Mlima mrefu kuliko yote ni Mousa Ali, mita 2,028, pale mipaka ya Jibuti, Ethiopia na Eritrea inapokutana.

Baharini mambo ni tofauti kabisa. Ghuba ya Tadjoura ina matumbawe, visiwa vya Moucha na Maskali, na papa potwe, wale wale wanaowavuta watalii Kisiwa cha Mafia. Wakati mzuri wa kuwaona ni kuanzia Novemba hadi Januari.

Joto likoje?

Baya. Juni hadi Agosti kipimajoto hupita nyuzi 40, na upepo wa khamsini huleta vumbi linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Oktoba hadi Aprili hali ni ya kuvumilika, na mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hataona ajabu.

Mvua hazifiki milimita 200 kwa mwaka mjini, na hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Lakini mvua ikiamua kunyesha, hunyesha kwa pamoja: mafuriko ya Novemba 2019 yaliharibu sehemu kubwa ya mji mkuu. Maji ya kunywa kwa muda mrefu yalitoka kwenye visima vilivyokuwa vinazidi kuingiwa na chumvi. Tangu 2017 kuna bomba linaloleta maji kutoka Ethiopia, na mwaka 2021 ulifunguliwa mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari huko Doraleh. Umeme pia, kwa sehemu kubwa, hutoka Ethiopia kwa njia ya nyaya zilizounganishwa mwaka 2011. Mitambo ya upepo ya megawati 60 iliyowashwa Ghoubbet mwaka 2023 ilikuwa hatua ya kwanza kubwa ya kujitegemea.

Wakazi wake ni akina nani?

Makundi makubwa ni mawili. Wasomali ndio wengi, hasa ukoo wa Issa, pamoja na Gadabuursi na Isaaq. Waafari ni karibu theluthi moja. Wako zaidi kaskazini na magharibi, na ndugu zao wako Ethiopia na Eritrea. Kisha kuna Waarabu wenye asili ya Yemeni, ambao wako mjini tangu bandari ilipoanza, Waethiopia, na Wafaransa wachache. Karibu wote ni Waislamu wa Sunni.

Lugha rasmi ni Kifaransa na Kiarabu, lakini nyumbani watu huzungumza Kisomali au Kiafari. Zote mbili ni lugha za Kikushi, kwa hiyo ziko ukoo mmoja na Kiborana na Kirendille cha Kenya, na hata Kiiraqw cha Mbulu, Tanzania.

Mila bado zina nguvu. Waissa wana sheria yao ya mdomo, Xeer Issa, inayosimamiwa na wazee: damu inalipwaje, maji yanagawanywaje, mgeni analindwaje. Desemba 2024 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la pamoja la Jibuti, Ethiopia na Somalia. Kwa upande wa Waafari kuna masultani, maarufu zaidi akiwa wa Tadjourah, mji wa kale wenye misikiti myeupe ng'ambo ya ghuba, ambaye cheo chake ni Dardar.

Kuna pia wapitao njia. Vita vya Yemeni vilipopamba moto mwaka 2015, maelfu walivuka bahari kuja Obock, na kambi ya Markazi ikafunguliwa. Upande wa pili, vijana wa Ethiopia huvuka jangwa kwa miguu hadi pwani hiyo hiyo ya Obock wakitafuta mashua ya kwenda Yemeni, na kutoka huko waifikie Saudi Arabia. Wengine wanakimbia vita, wengine wanaikimbilia riziki katikati ya vita hivyo hivyo, na wote wanakutana ufuko mmoja.

Kama Wasomali ni wengi, mbona haikuungana na Somalia?

Swali hili linahitaji historia kidogo.

Ufaransa ilinunua eneo la Obock kutoka kwa viongozi wa Kiafari mwaka 1862. Baadaye ikahamia upande wa kusini wa ghuba, ambako maji ni ya kina na njia ya kwenda Ethiopia ni nyepesi, na mwaka 1888 mji wa Jibuti ukaanzishwa. Reli ilianza kujengwa mwaka 1897 na kufika Addis Ababa mwaka 1917. Kuanzia hapo kazi ya mji huo ikajulikana. Koloni liliitwa Pwani ya Kifaransa ya Wasomali.

Nyota kwenye bendera ya Somalia ina ncha tano kwa sababu wapigania uhuru wake walihesabu maeneo matano ya Wasomali: mawili yaliyoungana mwaka 1960, Ogaden, kaskazini mashariki mwa Kenya, na Jibuti. Katika kura ya maoni ya 1958 Mahmoud Harbi alipigia debe kuondoka kwa Wafaransa, akashindwa. Mwaka 1967 ikapigwa kura nyingine, Wafaransa wakabaki tena, safari hii kukiwa na malalamiko makubwa kwamba Wasomali wengi walizuiwa kupiga kura. Koloni likabadilishwa jina na kuwa Eneo la Kifaransa la Waafari na Waissa, jina ambalo lenyewe linakuonyesha Paris ilikuwa inapigia hesabu nini.

Uhuru ulikuja tarehe 27 Juni 1977, na Hassan Gouled Aptidon, Mwissa, akawa rais. Mwezi uliofuata Somalia na Ethiopia ziliingia vitani juu ya Ogaden. Kujiunga na jirani yeyote wakati huo kungekuwa kujiunga na vita vyake. Waafari nao wasingekubali kumezwa ndani ya Somalia kubwa. Kubaki peke yao, wanajeshi wa Kifaransa wakiwa bado kambini, ndiyo njia iliyokuwa na usalama. Somalia iliposambaratika mwaka 1991, hoja ya kuungana ilikwisha kabisa.

Isidhaniwe kwamba ndani palikuwa shwari. Mwaka 1991 Waafari wa chama cha FRUD walichukua silaha wakidai kunyimwa nafasi serikalini. Sehemu kubwa yao ilitia saini amani mwaka 1994, na waliosalia, chini ya Ahmed Dini, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, wakamalizana na serikali mwaka 2001. Desturi iliyobaki ni kwamba rais huwa Mwissa na waziri mkuu Mwafari.

Nani anatawala?

Marais wamekuwa wawili tu tangu uhuru. Gouled hadi 1999, kisha mpwa wake, Ismaïl Omar Guelleh. Mwaka 2010 katiba ilirekebishwa kuondoa ukomo wa mihula, na mwishoni mwa 2025 Bunge likaondoa kikomo cha umri wa miaka 75 kwa mgombea urais, kikomo ambacho Guelleh alikuwa ameshakipita. Upinzani upo kwenye karatasi zaidi kuliko barabarani. Mataifa makubwa yenye wanajeshi wake pale hayapendi kulizungumza hilo kwa sauti, na sababu si ngumu kuikisia.

Wanaishi kwa kazi gani?

Bandari. Mengine yote yanafuata nyuma yake.

Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 120 na tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993 haina hata mita moja ya pwani. Kwa miaka michache iliendelea kutumia bandari ya Assab. Vita vya 1998 kati yake na Eritrea vikafunga njia hiyo, na mizigo yote ikageukia Jibuti. Leo zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa zinazoingia Ethiopia hupitia hapa: ngano, mbolea, mafuta, nondo, magari. Zinazotoka ni kahawa, ufuta, mifugo. Kwa huduma hizo Ethiopia hulipa zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka.

Ukitaka kuuona uchumi huo kwa macho, nenda PK12, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Ethiopia. Malori yamepangana, mengi yana namba za Ethiopia, madereva wamelala chini ya trela kukwepa jua, na kandokando kuna akina mama wanaouza chai na chapati, mafundi wa matairi na wabadilisha fedha. Kutoka hapo msafara unakwenda hadi mpaka wa Galafi. Barabara imechakazwa na uzito wa mizigo, na ajali ni nyingi.

Reli ya zamani ya Wafaransa ilikufa polepole. Mpya, ya kiwango cha SGR, ilijengwa na kampuni za Kichina kwa mkopo wa China, ina urefu wa takriban kilomita 750 na ilianza biashara Januari 2018. Inatumia umeme, tofauti na ile ya Mombasa na Nairobi inayotumia dizeli. Kwa hilo inafanana zaidi na ya Tanzania. Lakini hata baada ya reli, malori bado yanabeba sehemu kubwa ya mzigo.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna jambo moja la kutazama kwa karibu. Mwaka 2006 Jibuti iliipa DP World ya Dubai mkataba wa kuendesha gati la makontena la Doraleh. Februari 2018 serikali iliuvunja na kulitwaa gati, ikisema mkataba uliminya mamlaka ya nchi. Kesi zikazunguka kwenye mabaraza ya usuluhishi London kwa miaka. Ndiyo maana mwaka 2023, Watanzania walipokuwa wakibishana juu ya DP World na bandari ya Dar es Salaam, jina la Jibuti lilitajwa kila siku, na kila upande ulilitumia kuthibitisha lake. Funzo la kweli, kwa maoni yetu, ni dogo na halina mbwembwe: vifungu vya kujitoa katika mkataba visomwe kabla ya kutia saini, kwa sababu kuvitafuta baadaye ni gharama.

Nje ya bandari kuna benki, mawasiliano, na ufugaji wa ngamia, mbuzi na kondoo. Kilimo ni karibu na hakuna. Mboga na matunda mengi hutoka Ethiopia. Fedha yao, faranga ya Jibuti, imefungwa kwa dola ya Marekani, na tangu 1973 dola moja ni faranga 177.721, haipandi wala haishuki. Wafanyabiashara wa Pembe huipenda kwa utulivu huo.

Lamu inaweza kuinyang'anya Jibuti mzigo wa Ethiopia?

Wakenya huuliza hili tangu gati la kwanza la Lamu lilipofunguliwa Mei 2021. Kwa Addis Ababa, jibu fupi ni hapana. Kutoka Jibuti reli ni kilomita 750 moja kwa moja. Kutoka Lamu, kipande cha Moyale hadi Addis Ababa peke yake kinazidi kilomita 700, na bado hujaivuka kaskazini ya Kenya. Lamu inaweza kuhudumia kusini mwa Ethiopia, na hilo si haba.

Anayeinyima Jibuti usingizi ni Berbera, bandari ya Somaliland iliyoboreshwa na DP World ile ile. Tarehe 1 Januari 2024 Ethiopia ilitia saini makubaliano na Somaliland juu ya njia ya baharini, Somalia ikaja juu, na Jibuti ikaharakisha kuipa Ethiopia ofa ya bandari ya Tadjourah. Mwenye nyumba mwenye mpangaji mmoja mkubwa hulala macho.

Mbona kuna kambi nyingi za majeshi ya kigeni?

Kwa sababu ya ule mlango wa bahari, na kwa sababu kodi inalipwa.

Ufaransa haijawahi kuondoka, na mwaka 2024 ilirefusha mkataba wake kwa miaka 20. Marekani iliingia Camp Lemonnier baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Ni kambi yake kubwa ya kudumu barani Afrika, na mkataba wa mwaka 2014 uliweka kodi ya dola milioni 63 kwa mwaka. Japani ilifungua kituo mwaka 2011 kwa ajili ya kupambana na maharamia wa baharini, kituo chake cha kwanza cha kudumu nje ya nchi tangu Vita vya Pili vya Dunia. Italia ikafuata mwaka 2013. Mwaka 2017 China ikafungua kambi yake ya kwanza kabisa ng'ambo, kilomita chache tu kutoka kwa Wamarekani.

Wajibuti hawaoni ajabu kuwakodisha mahasimu wawili nyumba zinazotazamana. Kila mmoja akijua kwamba mwenzake yupo, hakuna anayethubutu kuivuruga nchi. Hatari iko kwenye deni: sehemu kubwa ya fedha za reli, bomba la maji na bandari mpya zilikopwa China, na marejesho yamekuwa mzigo.

Tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemeni walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi kubwa zimezungusha meli zao kusini mwa Afrika. Jibuti ikagundua upande wa pili wa bahati yake: ukiishi kando ya mlango, kelele za mlangoni nazo ni zako.

Je, fedha hizo zinamfikia mwananchi?

Kwa takwimu za pato kwa kichwa, Jibuti iko juu ya majirani zake wote. Ukipita Balbala, kitongoji kikubwa cha nyumba za mabati magharibi mwa mji, takwimu hizo utazitilia shaka. Bandari ya kisasa inaajiri mashine nyingi na watu wachache. Kambi huagiza chakula chao kwa ndege. Ukosefu wa ajira, hasa kwa vijana, ni mkubwa mno, na mwenye kazi serikalini huwa amebeba ukoo mzima mgongoni. Maisha ni ghali kwa kuwa karibu kila kitu huagizwa. Kukodisha kiwanja kunaijaza hazina ya serikali bila kumfundisha kijana ufundi wowote, na hili ndilo swali ambalo watawala hawajalijibu kwa karibu nusu karne.

Ni kweli nchi inasimama mirungi inapofika?

Karibu. Ofisi za serikali huanza mapema asubuhi na kufungwa mapema mchana. Mirungi hukatwa alfajiri huko Ethiopia, upande wa Harar na Dire Dawa, na hufika Jibuti karibu saa sita au saa saba mchana, kila siku. Honi zinalia, magari ya kusambaza yanakimbia mitaani, na wanawake wauzaji wanapokea mafurushi yao kwenye vibanda na kuyafunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji ili majani yasisinyae. Mteja hafungui bei kabla ya kufunua gunia na kuangalia rangi ya vikonyo. Baada ya hapo mji unanyamaza. Wanaume wanakaa kwenye mabraz, chumba chenye magodoro na mito chini, wanatafuna na kuzungumza hadi magharibi. Siasa, biashara na posa nyingi humalizwa humo.

Serikali hupata kodi nzuri kutokana na biashara hii, na wanawake wengi hulea familia kwayo. Wanawake hao hao watakuambia kwamba mshahara wa mume hupotelea kibandani kwa mwenzao. Mtu wa Meru au wa Eastleigh hatahitaji maelezo zaidi.

Wanakula nini?

Chakula cha taifa ni skoudehkaris, wali uliopikwa pamoja na nyama ya mbuzi au kondoo, iliki na mdalasini. Ndugu wa pilau, ila una nyanya zaidi. Asubuhi ni lahoh, yaani canjeero, chapati laini ya unga uliochachushwa, kwa asali au mchuzi, au mkate mrefu wa Kifaransa.

Lakini kitu cha kukitafuta ni samaki wa Kiyemeni. Samaki mzima anapasuliwa mgongoni na kufunguliwa bapa, anapakwa pilipili nyekundu, kisha anateremshwa kwenye tanuri la udongo lenye makaa. Anatoka ngozi ikiwa nyeusi na nyama ikiwa bado na maji yake. Analetwa juu ya karatasi pamoja na mkate mpana uliookwa tanuri lile lile, na bakuli la mkate uliopondwa na ndizi au asali. Hakuna uma wala kisu.

Kiswahili kinazungumzwa?

Hapana. Utakisikia kwa mabaharia, kwa wafanyakazi wa mashirika, na kwa Wasomali waliosoma Kenya. Jibuti si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ingawa Somalia imeshajiunga. Kura za Youssouf kule Addis Ababa zilijengwa kwingine: nchi yake imo katika jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa na pia katika Umoja wa Nchi za Kiarabu, na yeye alikuwa waziri wa mambo ya nje tangu 2005. Anayewajua mawaziri wenzake kwa miaka 20 hahitaji mabango.

Basi kuna uhusiano gani na sisi?

Upo zaidi ya unavyodhani. Makao makuu ya IGAD, jumuiya ya ushirikiano wa nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake ambayo Kenya na Uganda ni wanachama wake, yako Jibuti. Mkutano wa Arta wa mwaka 2000, uliozaa serikali ya mpito ya Somalia, ulifanyika huko, kabla mazungumzo hayajahamia Eldoret na Mbagathi. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ilipata kandarasi mwaka 2021 ya kuchimba visima vitatu vya mvuke Galla-le-Koma, karibu na Ziwa Assal. Utaalamu wa visima vya mvuke vya Olkaria, Kenya, ukapelekwa kwenye ncha nyingine ya Bonde la Ufa. Na huenda ukurasa huu umekufikia kupitia Jibuti: mkongo wa baharini wa EASSy unaotua Mombasa na Dar es Salaam unatua pia huko, na DARE1 unaiunganisha na Mombasa.

Nikitaka kutembelea?

Viza huombwa mtandaoni, na kutoka Nairobi au Dar es Salaam njia ya kawaida ni kupitia Addis Ababa hadi uwanja wa Ambouli. Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. Saa ni sawa na yetu. Beba fedha taslimu na ujiandae kwa bei za hoteli zilizopangwa kwa kuwatazama maofisa na wanajeshi wa kigeni. Usipige picha bandari, uwanja wa ndege, madaraja wala chochote chenye uzio na mlinzi. Hawana mzaha na hilo. Kwenda Assal na Abbe kodi gari lenye dereva anayeijua njia, na maji ya kutosha.

Kuna mwanamichezo wao tunayepaswa kumjua?

Yupo, na ukiwa Mkenya wa umri fulani unamkumbuka. Ahmed Salah alishinda Kombe la Dunia la marathoni mwaka 1985 huko Hiroshima. Mwaka 1987 kwenye mashindano ya dunia mjini Rome alimaliza wa pili nyuma ya Douglas Wakiihuri wa Kenya. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Seoul, Gelindo Bordin wa Italia alichukua dhahabu, Wakiihuri fedha, na Salah shaba. Vijana wa sasa humjua zaidi Ayanleh Souleiman, bingwa wa dunia wa mita 1,500 za ukumbini mwaka 2014. Hata hivyo shaba ya Salah ya mwaka 1988 bado ndiyo medali pekee ya Olimpiki ambayo Jibuti imewahi kupata.